Mamlaka ileile, taratibu mbili: niliyoongea na mawakala na mafundi simu wa Morogoro kuhusu TCRA

(Haya niliyaongea kwenye mkutano wa mawakala, mafundi simu na vijana wa chaneli za mtandaoni hapa mjini. Wengi mliomba maandishi, nimeyaandika kama yalivyotoka mdomoni.)

Ndugu zangu mawakala, mafundi, dada zangu wa miamala, na nyie vijana wa kamera na chaneli zenu za YouTube, habari za asubuhi. Nashukuru mmefunga vibanda mkaja, najua kibanda kikifungwa saa moja kamisheni inaenda kwa jirani, kwa hiyo sitazunguka sana. Nimeombwa niongelee TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, inafanyaje kazi na kwa nini haupiti mwaka bila kelele kati yake na wananchi. Mimi sio mwanasheria, mimi nimesajili laini pale stendi ya Msamvu, baadae nikajikuta ndo mtu wa kuandikia watu barua za malalamiko, na ukiandikia watu barua lazima usome kanuni, basi nimezisoma mpaka zimenikaa kichwani.

Niseme kabisa mapema nimekuja na hoja gani ili asije mtu akatoka hapa anasema nimekuja kuitukana serikali au nimetumwa kuisifia. Hoja yangu ni hii: hiyo mamlaka inajua kufanya kazi kwa uwazi, inajua vizuri sana, nitawaonyesha kwa namba. Kuna mambo inatangaza miaka mitano mbele, inaita wadau, inasikiliza, inatoa hati yenye sababu. Alafu kuna mambo mengine, na haya ndo yanagusa midomo yetu na mikate yetu, ambayo barua inatoka leo na leo hiyohiyo umezimwa. Mimi nataka ule utaratibu wa kwanza uhamie na huku kwa pili, na sioni ugumu wake kwa sababu watu ni walewale na jengo ni lilelile pale Sam Nujoma.

Tuanze nyuma kidogo. Wazee waliopo hapa wanakumbuka Shirika la Posta na Simu. Shirika moja linauza simu, linapeleka barua, na lenyewe ndo linajisimamia. Ukitaka simu ya mezani unajaza fomu unasubiri, ukilalamika unalalamika kwa huyohuyo unayemlalamikia. Sheria ya 1993 ikalivunja, mwaka 1994 tukapata TTCL ya simu, Shirika la Posta, na Tume ya Mawasiliano kama msimamizi. Pembeni kulikuwa na Tume ya Utangazaji inayosimamia redio na TV, maana redio binafsi ndo zilikuwa zinaanza. Mwaka 2003 Bunge likatunga sheria namba 12, zile tume mbili zikaunganishwa ikazaliwa TCRA, ikaanza kazi Novemba mwaka huohuo. Mwaka 2010 ikaja sheria ya mawasiliano ya kielektroniki na posta, ile wanaita EPOCA, ndo inayotumika na kanuni zake nyingi mpaka leo.

Naomba msiruke hapo kwenye kuunganisha. Kabla ya 2003 anayekupa masafa ya kurusha sauti na anayekuhukumu kwa ulichosema walikuwa nyumba mbili tofauti. Baada ya hapo ni nyumba moja. Kwa injinia ilikuwa sahihi kabisa, simu imeingia kwenye TV, TV imeingia kwenye simu, kuwa na wasimamizi wawili ni kupishana tu. Ila kwa mwenye redio maana yake ni kwamba mkono unaokupa leseni ya masafa ndo huohuo unaweza kukufungia kwa ajili ya kipindi kimoja, na leseni yako ikiisha unarudi mlango uleule kuomba tena. Mtu wa namna hiyo hata asipoambiwa kitu, anajichunga mwenyewe mpaka anapitiliza.

Sasa kazi yenyewe. Kubwa ya kwanza ni masafa, na hii watu hawaioni kwa sababu haionekani kwa macho. Chukulia stendi yetu ya Msamvu: mabasi ya Dodoma, Iringa, Dar, Ifakara, kila moja lina sehemu yake ya kuegesha na muda wake wa kutoka, akitokea mtu akaegesha popote anapotaka hakuna basi litatoka. Masafa ndo hivyohivyo, redio za FM zimepangwa kati ya 88 na 108, simu zina bendi zao, ndege zina zao, polisi wana zao, na mtu akiwasha mtambo wake kiholela anaweza kuharibia wengine wote waliopo jirani. Kwa hiyo lazima awepo mtu wa kugawa. Na kwa kuwa hayo masafa ni mali ya wananchi wote, makampuni yanayalipia. Oktoba 2022 walifanya mnada wa masafa ya bendi za 700, 2300, 2600 na 3500, zikapatikana karibu dola milioni 187. Hiyo 5G mnayoona kwenye matangazo ilihitaji hayo masafa.

Kuna namba, yaani hizi 0754, 0784, 0713 na wenzake zinagawiwa na wao, na zile namba fupi pia. Kuna kuhakiki vifaa. Kuna leseni za aina nne kwa mfumo ulioanza 2005: ya miundombinu, ya huduma za mtandao, ya huduma tumizi, na ya maudhui. Posta na wasafirisha vifurushi nao wapo humo, wengi hawajui, hata kampuni ya basi inayobeba mizigo ya watu kwa malipo inahusika. Sitakaa huko.

Nataka nikae kwenye bei, maana hapa ndo namba zangu zilipo. Mnakumbuka zamani kila mtu alikuwa na laini tatu? Ya huyu kwa ajili ya kumpigia mama, ya yule kwa ajili ya mchumba, ya mwingine kwa sababu ya ofa ya usiku. Sababu yake sio kwamba tulipenda kubeba simu mbili mfukoni. Sababu ni kwamba ukipiga kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine, kampuni yako inailipa ile nyingine kwa kila dakika, inaitwa gharama ya muingiliano, na hiyo gharama ilikuwa juu. Ilikuwa shilingi 112 kwa dakika. Machi 2013 TCRA wakaishusha mpaka shilingi 34.92, ikashuka kidogokidogo kila mwaka mpaka 26.96 mwaka 2017. Alafu wakatoa ratiba nyingine: 2018 shilingi 15.60, 2019 shilingi 10.40, 2020 shilingi 5.20, 2021 shilingi 2.60, na 2022 shilingi 2. Leo mtu ananunua bando la mitandao yote bila hata kuuliza huyu ninayempigia yuko wapi.

Na angalieni namna ilivyofanyika. Walipiga hesabu dakika moja inagharimu kiasi gani kweli, wakaita makampuni na wadau kwenye mikutano, kila mmoja akaleta hoja yake, na makampuni makubwa yenye wateja wengi hayakuwa na haraka ya kushusha maana hiyo ilikuwa hela yao. Wakatoa uamuzi ulioandikwa, una sababu, una tarehe, unajua mwaka wa tano bei itakuwa ngapi, na asiyeridhika ana pa kukata rufaa, kule kwenye Baraza la Ushindani. Hakuna aliyelala akaamka amekuta bei imebadilika. Mimi nikisoma hati kama ile naona fahari, nasema kumbe tunaweza.

Hata hivyo hata kwenye bei kuna siku mambo yalienda kombo. Aprili 2, 2021, Ijumaa Kuu, watu wameamka wamekuta mabando yamekuwa kama sio yenyewe, hela ileile MB zimepungua vibaya, mitandao ikachafuka, na serikali ikatangaza kusitisha bei mpya haraka sana, waziri wa mawasiliano akiwa Dk. Faustine Ndugulile. Cha kusikitisha ni kwamba ndani ya zile kanuni ndogo za vifurushi zilizoanza siku hiyo kulikuwa na vitu vizuri tulivyovililia siku nyingi: uambiwe bando likifika asilimia 75 na likiisha, uweze kumhamishia mwenzio, na bando likiisha salio lako lisiliwe bila wewe kukubali. Vyote vikafunikwa na hasira ya bei.

Baadae mwaka 2022 ikaibuka tena, na safari hii waziri Nape Nnauye akaeleza hadharani kwamba MB moja inatakiwa iuzwe kati ya shilingi 2.03 na shilingi 9.35. Watu wengi walishangaa, na nyie mliniuliza hapa nje: ya juu tunaelewa, wanatulinda, lakini ya chini ya nini? Kwa nini mtu akitaka kuniuzia rahisi azuiwe? Jibu lao ni kwamba kampuni kubwa yenye mtaji inaweza kuuza chini ya gharama mwaka mzima mpaka wadogo wafe, alafu ikibaki peke yake inapandisha inavyotaka. Hoja ina uzito, nchi nyingine yametokea. Ila mimi nasema anayemwekea mkulima wa Mvomero bei ya chini ya bando anatakiwa amuonyeshe hesabu, iandikwe kwa Kiswahili, ibandikwe, kwa sababu yeye ndo analipa. Sijaona kwa nini hesabu ya kupiga simu iwekwe wazi na ya data tuambiwe kwa mdomo wa waziri kwenye kamera.

Kabla sijaenda mbele niwasaidie kitu kimoja, maana kwenye barua ninazoandikiwa nusu zimeelekezwa kusikohusika. Tozo ya miamala ya Julai 2021 haikuwekwa na TCRA, ile ni kodi, imetoka Wizara ya Fedha imepitishwa na Bunge. M-Pesa na wenzake kama huduma ya malipo wanasimamiwa na Benki Kuu. Kitambulisho kuchelewa ni NIDA. Mtu kukamatwa kwa alichoandika mara nyingi ni polisi na sheria ya makosa ya mtandao ya 2015. Minara ya vijijini kwa sehemu kubwa inasukumwa na Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, ambao Mei 2023 ulisaini mikataba ya minara 758 kwenye kata 713. Na kamisheni yako wewe wakala ni mkataba kati yako na kampuni. Ukijua mlango sahihi unaokoa nauli.

Sasa usajili wa laini, hii ni ya kwetu kabisa. Usajili wa alama za vidole ulianza nchi nzima Mei 1, 2019, mwisho ukawekwa Desemba 31. Rais Magufuli akasajili yake kule Chato siku za mwisho za mwaka, akaongeza siku 20, ikawa Januari 20, 2020, baada ya hapo laini zikaanza kuzimwa. Waliokuwepo kazini wanajua ilivyokuwa. Foleni ya NIDA inaanza alfajiri, watu wanalala nje. Na kilichoniuma mimi ni vidole. Anakuja mama mtu mzima kutoka Mgeta, amelima maisha yake yote, ana namba ya NIDA kaiandika kwenye kipande cha daftari, unamwambia mama weka kidole gumba hapa, kimashine kinakataa. Unamfuta kwa kitambaa, kinakataa. Unajaribu cha pili, cha tatu, unamwambia apake mafuta kidogo, kinakataa, kidole kimesuguliwa na jembe mpaka mistari imekwisha. Na huyo mama hela ya mwanae wa Dar inaingia kwenye laini hiyohiyo. Nyuma yake kuna watu arobaini wanapiga kelele. Kanuni iliandikwa vizuri tu, ila aliyeiandika hakuwaza kidole cha mkulima, na hakuna mkulima aliyeitwa kwenye meza ya maoni. Ndo maana nasisitiza sana hii habari ya kuita watu mapema.

Sisemi usajili ni mbaya. Sisi watu wa Morogoro tusijifanye hatujui, ripoti za TCRA za kila robo mwaka zimekuwa zikiutaja mkoa wetu pamoja na Rukwa kwamba ndo vinara wa majaribio ya utapeli wa simu. Ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii" nyingi zinatoka kwenye laini zilizosajiliwa kwa vidole vya watu wasiojua, na wengine walisajiliwa na sisi mawakala, mtu anaambiwa weka kidole tena hakijasoma, kumbe kimesoma na laini ya pili imetoka. Wakala anayefanya hivyo anatuharibia wote na anatakiwa afungwe. Wewe mwananchi piga *106# uangalie laini ngapi zipo kwa jina lako, na namba ya tapeli itume 15040. Fanyeni hata sasa hivi mkiwa mmekaa.

Juni 2016 mafundi mnaikumbuka zaidi. Usiku wa tarehe 16 simu feki zote zikazimwa nchi nzima, zile zenye IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenyewe, isiyotambulika. Walitoa matangazo miezi kadhaa kabla, wakatoa namba 15090 ya kuhakiki, redio zikaimba. Watu waliumia, hasa wa simu za bei ya chini, hawakuzinunua kwa sababu wanapenda feki, na mwenye duka aliyemuuzia hakumrudishia hata mia. Ila tulijua tarehe, tulijua sababu, tulikuwa na namna ya kujihakiki. Nasema tena, wanajua kufanya.

Sasa twende kule nilikosema tangu mwanzo, kwenye maudhui na kuzima. Vijana wa kamera hii ni yenu.

Mwaka 2018 zikaja kanuni za maudhui mtandaoni. Mwenye blogu au TV ya mtandaoni asajiliwe, ada ya maombi laki moja, leseni milioni moja, na kila mwaka milioni nyingine. Kijana wa Kihonda mwenye simu moja na stendi ya kuishikia anaitoa wapi? Juni mwaka huo JamiiForums, lile jukwaa la mijadala la mtandaoni, ikafunga kwa muda, na wengine wengi wadogo wakazima kimyakimya hamkuwasikia. Kanuni zikaandikwa upya 2020, zikarekebishwa tena 2022, ada zikashushwa, na hilo nalipongeza kwa moyo wote kwa sababu ni matunda ya watu kusema. Ila mfumo wenyewe wa kwamba kuripoti habari mtandaoni mpaka uwe na leseni umebaki.

Julai 2020 Kwanza Online TV ikafungiwa miezi kumi na moja, kosa ni kusambaza tahadhari ya ubalozi wa Marekani kuhusu korona. Miezi kumi na moja jamani. Mwaka huohuo Oktoba kuelekea uchaguzi mamlaka ikaagiza makampuni yasitishe meseji za jumla na simu za jumla kuanzia tarehe 24 Oktoba mpaka Novemba 11, na siku za uchaguzi WhatsApp na Twitter zikawa hazifunguki mpaka uwe na VPN, ile programu ya kukupitisha njia ya pembeni. Miaka mitatu baadae, Oktoba 2023, wakasema na VPN nazo zitolewe taarifa kwao. Oktoba 2024 Mwananchi Communications wakasimamishiwa leseni za mtandaoni siku 30 kwa sababu ya katuni ya video iliyoongelea watu waliopotea. Mei 2025 X, ile iliyokuwa Twitter, ikazibwa, mara tu baada ya akaunti ya polisi kudukuliwa, na waziri Jerry Silaa akaeleza kwamba ni kwa sababu mtandao huo unaruhusu picha za ngono. Septemba 2025 JamiiForums ikasimamishiwa leseni siku 90. Na Oktoba 29, 2025, siku ya kupiga kura, intaneti ikakata nchi nzima, ikakaa siku kadhaa mpaka wiki iliyofuata.

Nani kati yenu alipewa taarifa kabla ya hiyo ya mwisho? Dada wa benki wakala, ulipewa? Fundi unayeagiza spea Kariakoo kwa WhatsApp, ulipewa? Simu feki tulipewa miezi. Gharama ya muingiliano tulipewa miaka mitano. Intaneti ya nchi nzima, ambayo mtoto anasomea, mgonjwa anaulizia ndugu yake, mfanyabiashara analipia mzigo, tukaijua pale kiduara kilipozunguka kwenye skrini. Hapo ndo mimi napandisha sauti na sitaishusha.

Najua majibu yao na sitayapuuza. Watasema uongo unaua, uchochezi unaua, video za watu kudhalilishwa zinaharibu maisha, na msimamizi akisubiri vikao moto umeshawaka. Kweli. Binti akivujishiwa picha zake nataka ziondolewe saa hiyohiyo, sitaki mkutano wa wadau. Msimamizi awepo. Lakini kuondoa picha moja na kuzima chombo kizima siku 90 ni vitu viwili tofauti kabisa, na kuzima nchi nzima ni kitu cha tatu ambacho hata jina lake sijui nikiite nani.

Tena angalieni rufaa. Sheria inasema asiyeridhika na uamuzi aende Baraza la Ushindani. Sawa. Umefungiwa siku 30, unatafuta wakili, unaandaa nyaraka, unapangiwa tarehe, zile siku 30 zimeisha, wafanyakazi wako umewapunguza, wateja wa matangazo wamehama. Ukishinda umeshinda nini? Katazo la meseji za uchaguzi likiisha na uchaguzi umeisha. Rufaa ya namna hiyo ni nzuri kwa kampuni inayogombania bei ya mwakani, kwa mwenye chaneli haina msaada. Jirani zetu Kenya, Juni 25, 2025, mamlaka yao iliamuru vituo viache kurusha maandamano mubashara, Mahakama Kuu ikaisitisha ile amri haraka kabla kesi haijasikilizwa. Hiyo kasi ndo ninayoitaka hapa.

Na kuna suala la uhuru wa mamlaka yenyewe, watu wengi hawapendi kulisema. Mwenyekiti wa bodi anateuliwa na Rais. Aprili 2016 Rais Magufuli alivunja bodi na kumsimamisha mkurugenzi mkuu, Dk. Ally Simba, kwa habari ya ule mtambo wa kuhakiki mawasiliano ya simu, TTMS, kwamba haukuwa unafanya kazi yote iliyokuwa kwenye mkataba na nchi inapoteza mapato. Yawezekana kabisa kulikuwa na tatizo la kweli na hela ya umma ilitakiwa kulindwa. Lakini anayekaa kwenye kiti kile baada ya hapo anajua nini? Anajua kinaondoka ndani ya siku moja. Simu ikitoka juu kwamba zima kile, mnategemea aombe kifungu cha sheria kwanza? Mamlaka inajiendesha kwa ada za leseni na masafa, pesa sio shida yake kubwa, inachokosa ni kiti kisichotikiswa.

Kwa hiyo tunataka nini, maana kulalamika tu haitoshi. Tunataka amri yoyote ya kufungia itoke kwa maandishi yanayosomeka na kila mtu, imetaja kifungu, imetaja kipindi gani au andiko gani, imesainiwa na mtu mwenye jina, na ukikata rufaa adhabu isimame mpaka usikilizwe labda iwe ni mambo ya watoto au picha za faragha. Tunataka Kamati ya Maudhui, ile ya TCRA inayosikiliza makosa ya vipindi na maandiko, itoke kwenye kivuli cha wagawa masafa, ikae peke yake, na wanahabari wawemo, na wananchi wa kawaida wawemo. Na kuhusu kuzima intaneti mimi binafsi nataka sheria iseme wazi kwamba haizimwi nchi nzima, ila hata wale wasiokubaliana na mimi hapa angalau tukubaliane kwamba haizimwi bila amri ya jaji na bila tangazo. Laini zimepita milioni 90 nchi hii kwa takwimu zao wenyewe za katikati ya 2025. Huwezi kumzimia mtu kitu cha namna hiyo bila neno.

Na nyie mna kazi. Rasimu za kanuni huwa zinatolewa maoni, zinawekwa kwenye tovuti yao, zinakaa wiki chache zinafungwa. Makampuni yanapeleka mawakili. Mawakala tunapeleka nani? Mimi sijawahi kuona maoni ya chama cha mafundi simu mkoa wowote. Nimeongea na uongozi wenu, rasimu ikitoka tena nitaisoma, nitaifupisha kwa Kiswahili cha kawaida, nitaituma kwenye grupu, na kila mtu aandike hata mistari mitatu kutoka kwenye kibanda chake, mwenye habari ya vidole aandike vidole, mwenye habari ya bando aandike bando, tuzikusanye tuzipeleke kwa mkono ofisi ya kanda, wagonge muhuri wa kupokea. Kuna pia baraza la ushauri la watumiaji, lipo kisheria kwa ajili yetu, hilo nalo tutalipelekea nakala.

Mwenye lalamiko ambalo ameshaliandika kwa kampuni yake na halijajibiwa, aje nalo na tarehe aliyoliwasilisha, bila tarehe siwezi kukusaidia. Nipo hapa mpaka saa kumi. Maswali, tuanze na yule mama wa nyuma aliyenyoosha mkono tangu nilipotaja salio.